Udi Kabla ya Halua

Kwanza Nouf alilitazama sanduku. Sanduku tupu halina maneno mengi, lakini waliomfundisha kazi zamani walikuwa watu wagumu, na walimfundisha kuanza na kitu, watu watafuata. Lilikuwa la msaji, bawaba zake za shaba, ndani limetandikwa mahameli nyekundu iliyobonyea pale darubini ilipokuwa ikilala. Halikuwa na kufuli. Halikuvunjwa wala kukwaruzwa. Aliyeichukua darubini alifungua kifuniko kama mtu anayefungua kabati la vikombe nyumbani kwake.

"Jumatatu asubuhi ilikuwemo?" aliuliza.

"Nliipangusa vumbi mwenyewe, khalti," alisema Shahad, akimwita mama mdogo kwa heshima. "Wageni wakaja baada ya alasiri. Walipokwisha kuondoka nikaingia majlisini kukusanya vikombe, nikaona kifuniko kimekaa upande. Kufungua, hamna kitu."

Shahad alikuwa mfamasia, tena bibi harusi mtarajiwa, ingawa kwa uso aliokuwa nao mtu angempa pole badala ya hongera. Milka yake na Hisham, yaani kufunga ndoa kabla ya sherehe ya harusi, ilikuwa kesho, Ijumaa. Ami yake, ambaye ndiye wa kumuozesha, alikuwa amepiga simu kutoka Sohar na kuapa kwamba hamuozeshi mtoto wa kaka yake kwa wezi. Huko Qurayyat nako, ukoo wa Hisham, wale wageni wa Jumatatu, ulikuwa umejibu kwamba watu waliotolewa majlisini kama paka hawatarudi ili waitwe wezi. Basi darubini ikipatikana leo, harusi ipo. Isipopatikana hakuna harusi, na ugomvi uliolala zaidi ya miaka mia moja utaamka na kunawa uso.

Nouf alikuwa amestaafu upelelezi akiwa na cheo kizuri na subira ndogo. Siku hizi aliishi Matrah, Maskati, na watu walimwita kwa mambo ya aibu, yale wasiyotaka yafike kituoni. Alizipenda kazi hizi kuliko alivyokubali kusema. Jambazi hakuandalii mkate wa ufuta.

Bibi yake Shahad, Bi Zuwena, alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha la majlisi, chumba cha kupokea wageni, mtandio mweupe kichwani, miguu pamoja. Ndiye mkubwa wa nyumba tangu mumewe afariki, na ndiye aliyemlea Shahad tangu ajali ya gari iwachukue wazazi wa mtoto siku moja. Nouf alimwamkia, akaenda kumbusu kichwa. Bi Zuwena alimpa mkono pale pale alipokaa.

"Niwie radhi, mwanangu, siinuki. Magoti yamenigomea."

"Pole, mama."

"Kaa. Umeshakula?"

Nouf alikaa. Hilo la magoti aliliweka pembeni, kwa sababu Bi Zuwena alijulikana mtaa mzima hapo Mabela kwa kuinukia watu. Angemwinukia hata mtoto wa jirani aliyefuata mpira wake.

"Nieleze hiyo darubini, mama. Watu wazima wanagombana vipi kwa bomba la shaba?"

"Bomba!" Bi Zuwena alicheka, na kicheko kile kilimpunguzia miaka. "Ile ndo amani yetu. Sikiliza. Zama za mababu, sie Bani Dhuhair na wao Awlad Mzahim tulikuwa tunauana pale Qurayyat kwa kisima. Sasa Mngereza akataka pwani itulie, apate pa kuweka makaa ya meli zake. Akaja balozi wao na kofia yake na mkalimani wake. Akawakusanya masheikh wawili, ikaletwa kahawa. Unajua alifanya nini?"

"Alifanya nini?"

"Akainywa! Cha kwanza, cha pili, cha tatu, akakitikisa kikombe kama alivyofundishwa, shukran, basi. Ndipo akaanza kuomba. Acheni vita, nipeni pwani. We bwana, ushakunywa kahawa ya watu, ushasema huna haja, sasa unaomba nini?"

Nouf alicheka naye. Kila mtu aliyelelewa katika nyumba hizi alilijua hilo. Mgeni mwenye haja hukiweka kikombe chini bila kukigusa. Mwenye nyumba akikiona, sharti aulize haja ni ipi, na akishauliza mbele ya watu, kukataa ni fedheha. Balozi alikuwa amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

"Tena akatoa zawadi," aliendelea Bi Zuwena. "Darubini moja. Masheikh wawili, darubini moja! Akampa wetu, kwa kuwa kaambiwa ndiye mkubwa. Akapanda meli akaenda kuandika kwao kuwa kaleta amani. Moshi wa meli haujapotea, watu washashika bunduki."

"Ikaishaje?"

"Sheikh wao akaja kwetu peke yake, hana hata jambia. Akapewa kahawa, akaiweka chini. Babu yetu akakitazama kile kikombe mpaka kahawa ikapoa. Mwisho akasema, sema haja yako. Akasema, nnaomba tusizikane tena. Ikapita. Na darubini ikawa mwaka kwetu, mwaka kwao, mpaka leo. Na ndoa baina yetu haifungwi ila darubini ipo mbele ya mashahidi. Amani ya Mngereza ilikuwa karatasi tu."

"Na Jumatatu wageni walikaa sana?"

Kicheko kilikwisha. Bi Zuwena aliangalia nje, kwenye barabara iliyokuwa ikichimbwa kwa mara nyingine.

"Walikaa kidogo."

"Walikula?"

"Walikunywa kahawa. Mwanangu, nimechoka. Muulize Shahad."

Nouf hakumuuliza Shahad. Alikwenda jikoni.

Evodia, mfanyakazi wa nyumba, mwenyeji wa Bukoba, alikuwa akikata vitunguu huku analia, na ilikuwa vigumu kujua machozi yapi ni ya vitunguu.

"Madam, mimi sijachukua kitu. Mungu ananiona. Kama ni begi langu, kapekueni."

"Sikuja kwa begi lako. Nimekuja kuuliza habari za halua."

"Halua?"

"Ile pale juu ya friji. Bakuli zima, halijachotwa hata kijiko. Watu wametoka Qurayyat kuja kupanga siku ya harusi, wakaondoka bila halua. Kwa nini?"

Evodia aliweka kisu chini. "Ni kosa langu. Nilipitisha udi kabla ya halua."

"Una muda gani nyumba hii?"

"Huu mwaka wa sita."

"Na hujui kwamba udi ukishapita, mgeni anaaga?"

"Najua, madam. Siku hiyo nilichanganyikiwa."

"Ulichoma udi gani?"

"Ule mzuri. Wa kwenye kopo la fedha."

"Kopo linakaa wapi?"

"Kwenye kabati la bibi."

"Na ufunguo wa kabati?"

Evodia alirudia vitunguu vyake. Nouf hakuhitaji jibu, maana ufunguo alikuwa ameuona mwenyewe shingoni mwa Bi Zuwena, umening'inia pamoja na kidani.

"Yeye ndiye aliyekupa udi, akakwambia upitishe."

"Madam, usimwambie kwamba nimesema. Nilipougua mwaka juzi alinikalia kitandani kama mama yangu mzazi. Siwezi kumchongea."

"Hujamchongea mtu. Umejaribu kujitwisha kosa lake, na umelitwaa vibaya." Nouf alimpa karatasi ya kupangusia macho, ingawa sauti yake haikulainika sana. "Kuna kingine ulichokiona?"

Evodia alitazama mlangoni kwanza. "Yule bwana harusi. Wenzake walipokuwa ndani, yeye alikuwa huku nyuma, upande wa mndimu. Ana kitu kirefu amekizungushia kitambaa. Anazunguka ukuta, anainama, anainuka. Mimi nilidhani anatafuta pa kupita. Halafu akakirudisha garini haraka haraka."

Hapo Nouf alihisi ule mwasho wa zamani nyuma ya shingo. Kitu kirefu, kitambaa, gari. Darubini ilikuwa na urefu wa mkono kutoka kiwiko. Ami wa Sohar angefurahi sana kusikia habari hii, na kwa sababu hiyo Nouf aliamua asiisikie kwanza.

Alipokuwa akitoka alimsimamisha Shahad kizingitini.

"Vile vikombe ulivyokusanya. Kilikuwepo kilichojaa?"

Shahad alifikiri. "Cha babu yake Hisham. Kilikuwa chini kwenye zulia, hakijaguswa. Nikadhani daktari kamkataza kahawa."

Nouf alimtazama kwa mapenzi na huruma. Msichana huyu alijua kila kidonge kinachopandisha presha na kila kinachoishusha, na kikombe kimekaa mbele yake kinapiga kelele, yeye akakiosha.

Barabara ya Qurayyat inapita milimani, na Nouf alipenda kufikiri akiwa kwenye kona. Mzee Sleyum, babu yake Hisham, alikuwa na haja. Alikiweka kikombe chini. Bi Zuwena, mjukuu wa watu walioishi kwa vikombe, alikiona kabla ya mtu mwingine, akatoa udi ili haja isitamkwe. Mpaka hapo hesabu ilikaa sawa. Haja gani, basi, ya kuogopwa kiasi kile? Jibu la haraka lilikuwa darubini. Huenda mzee alitaka ibaki kwake moja kwa moja, na Bi Zuwena akaificha isiondoke.

Lilikuwa jibu zuri, ila lilivuja. Darubini ilikuwa zamu ya Mabela mwaka mzima, na hakuna ambaye angeweza kuidai kabla ya zamu kwisha. Zaidi ya hayo, mtu anayeilinda darubini hawezi kuikosesha siku pekee ambayo lazima ionekane. Nouf alipita kona nyingine, akapunguza mwendo kwa sababu ya mbuzi, na hapo hapo likamjia. Aliyeificha hakuwa na shida na darubini hata kidogo. Shida yake ilikuwa Ijumaa.

Alibaki na Hisham na kitu chake kirefu.

Hisham alimpokea nje ya nyumba ya babu yake, chini ya mitende, kijana mpole mwenye kanzu ya dishdasha iliyopigwa pasi kwa ukali. Nouf hakuzunguka.

"Jumatatu ulikuwa nyuma ya nyumba ya watu na kitu kirefu. Nionyeshe."

Masikio ya Hisham yalibadilika rangi. Alikwenda kwenye gari, akafungua buti, akafunua kitambaa. Ilikuwa fimbo ya alumini inayokunjuka, imechorwa namba tangu chini hadi juu.

"Ya kupimia," alisema. Alikuwa mhandisi wa majengo.

"Ulikuwa unapima nini?"

"Muulize babu, khalti. Kanikataza kusema."

Mzee Sleyum alikuwa majlisini, mrefu hata alipokaa, ndevu zimechanwa vizuri. Aliinuka, akamkaribisha, akaagiza kahawa na tende. Akazungumza juu ya joto. Akazungumza juu ya samaki. Nouf alimwacha amalize samaki wote.

"Ami Sleyum, Jumatatu uliweka kikombe chini."

"Nliweka."

"Haja yako ilikuwa nini?"

"Haja husemwa nyumbani kwa anayeombwa, mwanangu. Haitangazwi mitaani."

"Basi twende ukaiseme."

"Kule?" Mzee alikunja uso. "Nyumba iliyonipitishia udi kabla ya halua, mbele ya wajukuu zangu, kisha ikaniita mwizi? Zamani watu walichinjana kwa dogo kuliko hilo. Mie siendi. Wallahi siendi."

Kahawa ilikuja. Kijana wa nyumba alimimina, Nouf akapokea kwa mkono wa kulia, akashukuru. Kisha akakiweka kikombe chini kwenye zulia, taratibu, akakunja mikono mapajani.

Mzee Sleyum alikitazama kikombe. Akamtazama Nouf. Akakitazama tena. Hisham, mlangoni, alijifanya anakohoa.

"Mtoto mjanja wewe," alisema mzee mwishowe. "Sema haja yako."

"Haja yangu ni uingie garini mwangu."

Walifika Mabela jua likiwa bado kali. Mzee Sleyum aliingia majlisini na Hisham nyuma yake, salamu zikatolewa na kurudishwa kwa maneno yote yanayotakiwa na bila hata moja la ziada. Bi Zuwena hakuinuka. Shahad alikaa pembeni ya bibi yake, vidole vimeshikana. Nouf alichagua kukaa kati ya kiti cha Bi Zuwena na mlango wa jikoni.

Evodia alileta kahawa. Alimimina bila kumwaga tone. Mzee Sleyum alipokea kikombe, akakiweka chini.

Bi Zuwena alipeleka mkono shingoni, kwenye ufunguo. Aligeuka kumtafuta Evodia, akakutana na macho ya Nouf.

"Mwache, mama," Nouf alisema polepole. "Mara hii mwache aseme."

Bi Zuwena alikitazama kikombe, na Nouf, aliyewahi kukaa na wauaji chumbani bila kupepesa, aliona afadhali aangalie zulia. Hatimaye bibi alishusha mkono.

"Sema haja yako, bwana Sleyum."

"Bi Zuwena," alianza mzee, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeomba kweli, "mie nna kijana. Kazi yake iko huku Maskati. Kwangu ni mbali, na barabara ile ya mlimani usiku siipendi. Sina pa kumuweka. Nnaomba, kama hatutakuudhi, unipe nafasi nyuma ya nyumba yako, pale kwenye mndimu, nimjengee vyumba viwili akae na mkewe. Kashapima. Panatosha, na mndimu haukatwi."

Hakusema neno zaidi. Hakusema kwamba Shahad atabaki alipolelewa. Hakusema kwamba anajua nyumba ile ingekuwaje jioni, bibi na kiti chake. Aliligeuza jambo zima hadi akawa yeye ndiye maskini na Bi Zuwena ndiye mwenye kutoa. Nouf aliwahi kuona mikataba ikifungwa na mawaziri, na hakuna waziri aliyefika hata kwenye kanda za viatu vya mzee huyu. Alimpenda pale pale, na hakuona haya kulikubali hilo moyoni.

Bi Zuwena aliinamisha kichwa.

"Nami nikakupitishia udi."

"Ulikuwa udi mzuri," alisema Mzee Sleyum.

"Nlidhani unaomba umchukue siku ile ile ya milka. Nlipoona kikombe, moyo ulinienda mbio. Nkasema, mara hii ananitajia siku, na mie mbele za watu siwezi kukataa."

"Sasa unasemaje?"

"Umepata. Umepata, na upande wa mbele ukiutaka chukua. Kunywa kahawa yako, inapoa."

Mzee alikunywa. Bi Zuwena akashika mikono ya kiti, akainuka, akasimama wima juu ya magoti yasiyokuwa na dosari yoyote, akaondoa mto aliokuwa amekalia. Chini yake kulikuwa na kitu kimezungushiwa kanga. Alikifungua. Shaba iling'aa.

Hapo kila mtu alipata kazi. Mzee Sleyum alitazama ndani ya kikombe chake kama kwamba kuna jambo limeandikwa humo. Hisham alikagua dari, kwa jicho la mhandisi. Evodia alikimbilia halua bila kuagizwa. Nouf alisogeza sanduku karibu, akaipokea darubini, akailaza kwenye mahameli na kufunga kifuniko.

"Nitampigia ami wa Sohar," alisema. "Nitamwambia haikutoka nyumbani. Iliwekwa mahali pa salama na mwenye dhamana nayo. Yote ni kweli, na mimi sisemi uongo kwenye ripoti."

Shahad alikuwa amesimama mbele ya bibi yake, na Nouf hakuweza kusoma uso wake, kama ni hasira au ni kitu kingine. Siku tatu zile alikuwa amelia usiku na kwenda kazini asubuhi, akihesabia watu vidonge. Sasa macho yalikuwa makavu.

"Siku tatu, bibi. Umenikalia siku tatu."

"Nimekukalia."

"Na usiku?"

"Usiku nlilala nayo. Nisamehe, mwanangu. Nliona isipokuwepo hii hakuna milka, na isipokuwepo milka utakaa nami kidogo. Mwezi. Hata wiki. Akili ya mtu mzima ikiogopa inakuwa ya mtoto."

"Ungeniambia tu," alisema Shahad, na sasa sauti ilivunjika. "Ungesema usiende. Neno moja, bibi. Nisingekwenda."

Bi Zuwena alimshika mashavu kwa mikono yote miwili.

"Nnajua," alisema. "Ndo maana sikukwambia."